Mwaka Niliokula kwa Gramu

“Alhamdulillah, ulipona,” aliniambia bibi mmoja, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na mimi nikaitikia alhamdulillah bila kujua nilipona nini. Ilikuwa Kondoa, nyumbani kwao marehemu Mama Salimu, siku ya hitima yake. Nilikuwa nimewasili asubuhi kutoka Dodoma, nimevua viatu mlangoni, nimewaamkia wazee waliokaa mkekani, shikamoo moja baada ya nyingine, na karibu kila niliyemwamkia alinitazama juu mpaka chini kwa furaha ambayo haikufanana kabisa na shughuli yenyewe. Mzee mmoja alinibonyeza bega kama anachagua mbuzi mnadani, akasema mwili umejaa vizuri, Mungu ni mwema. Ni kweli mwili umejaa. Nina miaka arobaini na kitu, tumbo limenitangulia, na kidevuni nywele nyeupe zimeanza kujitokeza bila kuombwa. Lakini kupona? Maishani mwangu nimeumwa malaria na jino. Nikajisemea labda wamenichanganya na mtu mwingine, maana msibani watu huchanganya mambo. Ila wote walinitaja kwa jina langu: Lameki, yule kijana aliyepanga kwa marehemu kule Nkuhungu, Dodoma.

Nikamfuata Salimu nyuma ya nyumba, alikokuwa anasimamia masufuria ya pilau. Salimu ni mtoto wa marehemu na rafiki yangu tangu tukiwa na miaka ishirini na kidogo. Kwake naweza kuuliza swali la kijinga hata siku ya hitima ya mama yake. Nikamwambia watu wananipongeza kwa kupona, nimepona nini mimi. Akatabasamu kwa uchovu, akasema leo nisimtanie. Nikamwambia sitanii.

“Kifua kikuu, Lameki. Mwaka ule wa Nkuhungu.”

“Sijawahi kuumwa kifua kikuu hata siku moja.”

Akayaacha yale masufuria. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake. “Sasa kile chakula chote kilikuwa cha nini?” akaniuliza. “Mayai, maziwa, nyama, bakuli lako peke yako, miezi sita?”

“Misuli,” nikasema. “Nilikuwa natafuta misuli.”

Wala hakucheka, na mimi pia sikucheka. Tangu siku ile kichwa changu hakijakaa sawa. Fikiria una mwaka mmoja wa maisha yako ambao umeukumbuka vizuri miaka yote hii, umewasimulia watu, umejichekesha nao, halafu unaambiwa kwamba wote waliokuwa nawe ndani ya mwaka huohuo waliuishi mwaka mwingine. Ua lilikuwa lilelile, mlo uleule, maneno yaleyale, lakini mimi nilikuwa nakula nipate mabega na wao walikuwa wananiuguza. Usiku ule sikuaga mapema kama nilivyopanga. Nimerudi Dodoma, na kila nikikaa naupitia upya, chumba kwa chumba na mlo kwa mlo, na kila nikishika kitu nakikuta kina upande wa pili ambao sikuwahi kuuona.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho uani, kimepakana ukuta na jiko la Mama Salimu. Kitanda, meza, dirisha moja la mbao linaloangalia mpapai, na ukutani misumari ya kutundikia nguo. Nilikuwa nasoma chuo kimoja pale mjini, sina ndugu Dodoma wa kunialika chai, na jioni ya kwanza niliwasha jiko langu la mafuta ya taa nichemshe wali. Mama Salimu alikuja, mwanamke mfupi, mnene kiasi, kitenge kimefungwa juu juu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akainama akalizima lile jiko langu kabla hata hajaniuliza jina. Akasema nyumba yenye watu mtu hapiki peke yake kama mlinzi wa ghala. Basi. Kuanzia siku hiyo nilikula kwenye sinia la familia, mimi Mgogo wa Mvumi, Mkristo, katikati ya Warangi wa Kondoa, na hakuna aliyeniona mgeni. Kodi ilikuwa ya chumba. Chakula hakikuzungumzwa, ila nikipata kitu nanunua nyama au mchele napeleka jikoni.

Lile sinia nalikumbuka kuliko darasa lolote nililokaa. Tulilizunguka wakati jua linazama, Baba Salimu, fundi cherehani mwenye maneno machache, upande wa ukutani. Mimi kulia kwake. Rehema, mjukuu wao wa miaka mitano au sita, amejibana ubavuni mwangu. Na Salimu akija mwisho wa juma kutoka hosteli za chuo chake, Chimwaga. Mama Salimu na mdogo wake walikula jikoni. Katikati ugali wa mtama, pembeni mlenda au maharage, na siku ya nyama, nyama ilikaa kwenye kibakuli chake mbele ya Baba Salimu wala haikuguswa. Unamaliza ugali na mchuzi, kisha yeye mwenyewe anagawa: huyu kipande, huyu kipande, na Rehema anapewa kile laini. Hakuna aliyechagua wala aliyehesabu. Rehema alikuwa na tabia ya kunimegea tonge lake na kuniwekea mbele yangu, na mimi namrudishia, mpaka babu yake atukoholee. Nasema wazi kwamba mwaka ule sikuwa na kitu kingine Dodoma ninachoweza kukiita changu zaidi ya nafasi yangu kwenye sinia lile, na ndiyo niliyoichezea.

Niliichezea kwa sababu ya wembamba. Nilikuwa mwembamba wa kutia huruma. Shati langu lilitembea peke yake, mimi nalifuata nyuma. Chuoni kulikuwa na vijana waliojazia, miraba minne, wakiingia mlango unaona giza, na mimi nikaamua mwaka hauishi kabla sijawa hivyo. Mitaa miwili kutoka nyumbani kulikuwa na jim ya Kocha Chande, ua lililozungushiwa mabati, na vyuma vyake vilikuwa bomba za maji zilizochomekwa kwenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Nyumbani sikusema. Baba Salimu aliwahi kusema watu wa jim ni wapiga watu wa vilabuni, na sikutaka kumkera; nikitoka na kamfuko kangu asubuhi nilisema naenda kujisomea. Kocha Chande alinipima mikono kwa kamba, akasikitika sana, akanipa programu ya miezi sita, kisha akaniambia neno ambalo lilinitawala nusu ya mwaka: vyuma peke yake ni kazi bure, misuli ni protini, na protini ni hesabu.

Sasa hiyo hesabu, jamani. Kocha alisema gramu mbili za protini kwa kila kilo ya mwili, kila siku, bila kukosa. Mudi, mmoja wa vijana wa pale jim, ambaye alikuwa na mikono minene kuliko Kocha mwenyewe, alinivuta pembeni akasema gramu moja inatosha, inayozidi unaipeleka chooni. Mwingine alisema mambo ya gramu ni ya Wazungu, kunywa mayai mabichi na supu ya kongoro, yatosha. Kulikuwa na gazeti moja la zamani la watu wa misuli, la Kiingereza, limechanika jalada, lililozungushwa pale jim kama kitabu cha dini, na humo hesabu ilifanywa kwa paundi, siyo kilo. Nikakaa nalo jioni nzima nikizidisha na kugawanya, na kila nikimaliza napata jibu jipya. Jibu moja lilinitaka nile kuku mzima kila siku. Mwishowe nikaamua kumfuata Kocha: nina kilo hamsini na kitu, basi gramu mia na kidogo. Nikaenda buchani, nikamwomba muuzaji anipimie nyama gramu mia na kidogo, akanitazama kama namchezea, akanikatia kipande cha kumtosha paka. Nikafurahi. Nikasema kumbe protini ni rahisi hivi.

Tatizo lilikuwa sinia. Kwenye sinia utapima nini? Tonge hili lina maharage mangapi? Kipande alichokupa Baba Salimu kina gramu ngapi, na utamwambia nini, mzee naomba tupime kwanza? Kocha alinikemea kwamba mtu anayekula kwenye sinia hajui anakula nini, ataishia kuwa na mwili wa sinia, wa kila mtu. Nikakereketwa siku kadhaa, kisha jioni moja nikamfuata Mama Salimu jikoni, mkononi nina trei ya mayai, maziwa na ile nyama yangu ya paka. Ilikuwa kipupwe, upepo wa Dodoma ule unaokula midomo, vumbi mpaka ndani ya sanduku, na mimi nilikuwa na kikohozi kama nusu ya mtaa. Nikakohoa kwanza ndipo nikasema. Nikamwambia nimeelekezwa niwe nakula peke yangu, kwa kipimo, kwenye chombo changu: mayai, maziwa, nyama, kila siku.

Mkono wake ulisimama ndani ya unga. Akaniuliza, “Kwa muda gani, mwanangu?”

“Miezi sita, mama.”

Akavuta kigoda akakaa. Akaniuliza na hicho kikohozi je, nikamwambia kikohozi ni vumbi tu, kisimtishe, na akatikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya mtu aliyesikia uongo wa heshima. Akasema miezi sita siyo mingi. Hakuniuliza nimeelekezwa na nani, na mimi, kwa kuogopa kuitaja jim, nikamshukuru Mungu kwamba hakuuliza. Kesho yake nikakuta bakuli langu, la bati, lenye maua mekundu, na kikombe changu, na kijiko changu, vimewekewa rafu ya peke yake karibu na mlango wangu. Nikajiona mfalme.

Hebu tazama mambo yalivyojipanga, mpaka unashindwa kumlaumu mtu. Kila Jumanne nilikwenda kwa yule jamaa wa mizani anayekaa barabarani karibu na soko kupima uzito, na watu waliniona. Kila asubuhi nilimeza kidonge cha mafuta ya samaki, kikubwa, cha njano, alichonishauri Kocha. Dirisha langu lilikuwa wazi kutwa kucha hata kwenye baridi, kwa sababu nilipiga pushapu chumbani na jasho lilinuka. Nikienda Mvumi kuwaona wetu, ambako kila mtu anajua kuna hospitali, nilirudi na mfuko nimeukumbatia. Ulikuwa na karanga. Nilikuwa mwembamba, nakohoa, na nakula mayai na maziwa kwenye chombo changu. Mtu yeyote aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa aina ile angesema nini? Muuguzi mmoja aliniambia baadaye sana, katika mazungumzo mengine, kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa vyombo, ni hewa. Lakini nani alikuwa anajua hivyo uani kwetu? Watu walijua wanachokijua, na kwa kunisitiri hawakukitaja.

Jioni niliwasikia wakiongea jikoni, maana ukuta wa jiko ulikuwa mwembamba. Mama Salimu na mdogo wake walizungumza Kirangi, lugha ambayo mpaka leo najua salamu zake tu, na ndani ya Kirangi hicho lilipita jina langu, Lameki, kisha mayai, kisha miezi sita, kisha Mungu. Nikadhani wananiteta. Nikadhani wanasema huyu kijana kajifanya mtu wa hotelini. Kilichonichanganya ni kwamba sauti haikuwa ya mateto. Siku moja mdogo mtu alikuwa analia. Nikakaa kitandani na bakuli langu nikajiuliza ni nani aliyewahi kumlilia mtu kwa sababu anakula mayai. Wakati huohuo Rehema akaacha kunijia. Nikimwita anasimama mbali, kidole mdomoni, anamtazama bibi yake kwanza. Ile iliniuma sana, sitaki kuficha. Nikajiambia watoto wako hivyo, leo wanakupenda kesho hawakutaki, na nikaongeza pushapu.

Lakini majirani! Sijawahi kupendwa mtaani kama nilivyopendwa miezi ile. Mama mmoja wa nyumba ya tatu akaanza kuniletea maziwa ya mbuzi, akiyaweka juu ya ukuta na kurudi nyuma kabla sijayachukua. Mwingine akaleta asali ya Kondoa. Wanaume watu wazima waliniuliza njiani, kwa sauti ya chini, naendeleaje, nimeongezeka? Nikawa nawajibu kwa fahari, nimeongezeka kilo moja na nusu mzee wangu, na wanashukuru kwa moyo wote. Nikasema kumbe Nkuhungu watu wanathamini michezo hivi. Nikawa natembea nimetanua mabega.

Hesabu nayo ilizidi kuniharibikia. Miezi miwili mwili haukusogea ilivyotakiwa, nikaenda Chimwaga kumwona Salimu, kwa sababu chumbani mwake alikaa na kijana mmoja wa sayansi. Sikutaka kutaja jim, maana habari ingefika nyumbani, kwa hiyo niliuliza kwa kuzunguka: mtu aliyekonda, akitaka mwili urudi, ale protini kiasi gani? Salimu akainuka ghafla akaenda kusimama dirishani. Yule kijana wa sayansi akaniuliza nakula nini, nikamwambia nyama gramu mia na kidogo, akashika kichwa. Akanieleza, kwa upole ambao sikuuelewa, kwamba nyama siyo protini tupu, sehemu kubwa ni maji; hicho kipande changu kina protini kama robo yake tu, yai lina gramu sita hivi, na hata maharage niliyoyakimbia kwenye sinia yana protini yake nzuri. Akasema gramu moja na nusu hivi kwa kilo inamtosha mtu mwenye afya anayejenga mwili, na aliposema mwenye afya alimtazama Salimu. Nikatoka pale nimechanganyikiwa mara mbili. Miezi miwili nimejitenga na watu ili nipime, na nimepima kitu sicho. Na maharage yale, ambayo ningeyala na Rehema ubavuni, yalikuwa yaleyale niliyoyatafuta. Salimu alinisindikiza mpaka barabarani, akanishika bega, akasema, “Kaza moyo, ndugu yangu.” Nikamjibu nimekaza.

Jioni ileile nilijaribu kurudi. Jua lilikuwa linazama, sinia limewekwa, maharage yanafuka mvuke, na nafasi yangu iko wazi kulia kwa Baba Salimu, hakuna aliyeikalia. Nikanawa mikono nikaja kukaa. Rehema akavutwa nyuma na mkono wa bibi yake, taratibu, bila neno. Baba Salimu akaufunika ugali kwa kawa, akaniangalia kwa huruma ambayo ilinifanya nijione mtoto, akasema, “Hapana, baba. Malizia kwanza. Ukimaliza utarudi, nafasi yako ipo.” Nikasimama pale na mikono yangu iliyolowa. Nilidhani anaheshimu programu yangu, kwamba mtu akianza jambo alimalize. Nilidhani pia ameniadhibu kwa kuwadharau. Sikujua nishike lipi. Nikarudi chumbani, nikasikia wanaanza kula, kimya, bila vicheko vya siku zote, na nikalia kidogo, halafu nikajicheka, baunsa gani huyu analilia maharage.

Sasa nifike kwenye chumvi, maana ndiyo inayonikosesha raha. Kila jioni Mama Salimu mwenyewe ndiye aliyeleta bakuli langu. Hakumtuma mtu. Anakuja nalo mpaka mlangoni kwangu, anapiga hodi, anaingia, anakaa kwenye ukingo wa kizingiti huku mgongo ameuelekeza uani, na kabla sijaanza kula anasema, “Ngoja nionje chumvi.” Anamega. Haonji kama waonjavyo watu, ncha ya kijiko kwenye kiganja. Anatia mkono ndani ya bakuli, anachukua kipande, anatafuna polepole, ananiuliza habari za chuo, mimi nakula naye anakula, mara nyingine vipande viwili. Kisha anasema, “Imekolea. Kula, mwanangu.” Anaondoka. Kila siku ya Mungu. Na mimi, kwa akili zangu za gramu, nilikuwa nakereka mpaka jino linauma. Nimeishapima! Nimekaa buchani nikibishana na mizani, nimeandaa mayai, halafu mama wa watu anakula protini yangu kwa kisingizio cha chumvi ambayo ameitia mwenyewe nusu saa iliyopita. Nilimlalamikia Kocha Chande, akasema niongeze yai moja la kufidia. Nikaongeza. Ramadhani ilipoingia nikasema sasa ataacha, maana amefunga; wapi. Alisubiri adhana, akameza tende yake na maji, kisha huyo mlangoni kwangu, futari yake akaianzia kwenye bakuli langu.

Miezi sita ikaisha mvua zikiwa zimeshanyesha, mpapai umeinama kwa matunda. Nilikuwa nimeongezeka; siyo miraba minne, ila shati sasa lilikuwa na mtu ndani. Nikamwambia Mama Salimu nimemaliza. Aliniuliza mara tatu kama nimemaliza kabisa, kama waliniambia wenyewe kwamba nimemaliza, nikasema ndiyo mama, nimepimwa, kila kitu safi. Kocha alikuwa amenipima tena kwa kamba. Siku iliyofuata akachinjwa jogoo. Wakaja majirani, akaja shehe wa jirani na wazee wawili, mkeka ukatandikwa uani, ikasomwa dua ndefu, na jina langu likatajwa ndani yake. Mimi nilikuwa nimevaa fulana ya kubana, niliyoinunua makusudi ili mikono ionekane. Nikiikumbuka fulana ile nikiwa peke yangu, nataka kuingia chini ya kitanda. Baba Salimu akanikamata mkono juu ya kiwiko, akauminya, macho yake yamelowa, akasema Mungu mkubwa, mwili umerudi. Mama Salimu alijifunika uso kwa mtandio. Nikasema ahsanteni sana, ni kujituma tu, na wote wakasema amina. Kisha sinia likaja, Rehema akasukumwa kidogo na bibi yake, akaja akajibana ubavuni mwangu kama zamani, na nikala mpaka nikashindwa kuinuka. Nilidhani nimesherehekewa kwa misuli. Kwa miaka yote hii nimewasimulia watu kwamba Warangi ni watu wa ajabu, ukinenepa wanakuchinjia jogoo.

Misuli yenyewe ilikwenda zake ndani ya mwaka, na kuhusu protini sijui mpaka leo. Simu yangu imejaa vijana wenye vifua wazi, kila mmoja ana namba yake ya gramu, na daktari wangu ana ya kwake tofauti. Nimeacha kuuliza.

Haya yote nilimweleza Salimu pale nyuma ya nyumba, mimi nimesimama, yeye juu ya ndoo, watu wakituita na sisi hatuendi. Mwanzoni alishika tumbo kwa kicheko, hasa nilipofika kwenye fulana. Akaniambia na yeye ya upande wao: jinsi walivyoapishwa wote wasinitajie ugonjwa nisije nikaona aibu nikahama, jinsi Rehema alivyochapwa na bibi yake siku aliyogusa bakuli langu, jinsi bakuli lile lilivyooshwa na mama peke yake kwa jivu na maji yanayochemka, na mtu mwingine haruhusiwi hata kulisogeza. Mama alikuwa anaogopa sana, alisema Salimu. Kaka yake mkubwa alifariki kwa kifua kikuu, hukohuko Kondoa, akila peke yake kwenye chumba cha uani, na mama tangu utoto alikuwa hawezi kusikia mtu akikohoa.

Ndipo nikamuuliza kuhusu chumvi. Akasema chumvi gani. Nikamwambia kila jioni, mlangoni kwangu, amegeuzia uani mgongo, mkono wake ndani ya bakuli langu, miezi sita. Salimu hakujua. Hakuna aliyejua, wao walimwona anaingia na bakuli na kutoka, wakidhani anakaa kunifariji. Akauma mdomo, akainama, akaokota kijiti na kukivunja vipande vipande, na mimi ndiyo kwanza jambo lenyewe lilikuwa linanifikia. Sijui alikuwa anajiambia nini kila akitia mkono mle. Sijui kama kuna siku alishuku kwamba siumwi kitu. Ninachojua ni kwamba aliamini kuna kifo ndani ya bakuli lile, alimchapa mjukuu wake kwa sababu yake, na akakaa kizingitini pangu akala, ili nisile peke yangu, akaniangalia machoni, akasema imekolea. Kula, mwanangu.